Mama Mkwe Mstari wa Mbele

Watu wa kompyuta walimwita Mabano, kwa sababu kila walipomletea programu iliyogoma aliitupia jicho moja tu, akasema, "Hapa umefungua mabano, hujafunga." Ofisini alikuwa mwandishi wa programu kama wenzake, mtu wa kukaa kitini mpaka suruali inang'aa nyuma. Sifa yake ilikuwa kwingine. Lugha ya programu waliyoitumia ilipotoa toleo jipya, Mabano ndiye aliyepanda jukwaani kuwaeleza wenzake kilichoongezwa, kilichoondolewa na kitakachowaumiza vichwa. Na watu walikuja. Wengine walifuata toleo jipya. Wengi, tuseme ukweli, walimfuata mama mkwe.

Mama mkwe huyo alizaliwa jukwaani. Mara ya kwanza Mabano kuhutubia, ukumbi ulikuwa na joto, wasikilizaji wameshiba, naye anaeleza kwamba siku hizi lugha yao haikubali mambo nusunusu. Ukiiambia kwamba mlangoni huja wageni wa aina fulani na fulani, sharti useme kila mmoja atapokewaje. Ukimsahau mmoja, programu haiendi. Watu walikuwa wanasinzia. Mmoja alikoroma waziwazi. Katika kutapatapa, Mabano akaandika wageni wake pale pale: rafiki, fundi, jirani, mamaMkwe. Rafiki, mkaribishe. Fundi, mwonyeshe bomba. Jirani, mpe chumvi. Alipofika kwa mama mkwe akaandika: toroka, dirishani.

Yule mkoromaji aliamshwa na kicheko cha wenzake.

Sasa, kicheko kina utamu wake, na aliyekionja harudi tena kwenye uji usio na sukari. Mji uliofuata Mabano akaongeza begi la mama mkwe, ambalo kwa ukubwa wake unajua atakaa muda gani. Baadaye akaongeza kidole kinachopapasa juu ya kabati kutafuta vumbi. Baadaye tena, mama mkwe akaonja mchuzi, akanyamaza, akauliza kwa upole mwenye nyumba huwa anaweka wapi chumvi. Ikawa kabla hajafika kwenye slaidi hiyo, ukumbi mzima unagonga meza: "Mkwe! Mkwe! Mkwe!"

Mama mkwe wa kweli alikuwepo, na hakuwa na habari. Alikuwa mstaafu wa stesheni ya treni, mwenye sauti iliyowapandisha watu mabehewani na kuwashusha tangu enzi za tiketi za karatasi ngumu. Kustaafu alistaafu, ila ulimi ulibaki kazini. Jambo lolote alilolihesabu kuwa muhimu alilisema mara mbili. "Chai yangu isiwe na maziwa mengi. Narudia: isiwe na maziwa mengi." Na mtu huyu aliyetangaza ujio wa treni maisha yake yote, ujio wake mwenyewe hakuwahi kuutangaza hata siku moja. Ungesikia hodi, ukafungua, ukamkuta.

Ndivyo ilivyokuwa Ijumaa moja jioni. Hodi, mlango, mama, na kibegi kidogo cha mkononi. Mabano alimpokea, akamketisha, akafurahi kweli, kwa maana hakuwa na ugomvi naye hata chembe. Furaha ilimwisha wakati wa kula, mkewe aliposema, "Kesho mimi nina zamu hospitali, na watoto wanaenda kwa shangazi yao. Mama atakwenda na wewe."

"Kwenda na mimi wapi?"

"Kwenye mhadhara wako. Kila siku ananiuliza mkwe wake anafanya kazi gani, nami nashindwa kumweleza. Akaone mwenyewe."

Mabano akarudisha tonge sahanini. "Mama atachoka. Ukumbi una ngazi."

"Ngazi nimezipanda stesheni miaka yote," akasema mama.

"Kuna baridi, mama. Kiyoyozi kinapuliza vibaya."

"Nina shali."

"Na mambo yenyewe ni magumu. Tunazungumza kodi tu kuanzia mwanzo hadi mwisho."

Mama akaweka kijiko chini. "Kodi ya nyumba?"

"Hapana, mama. Kodi ni yale maagizo tunayoiandikia kompyuta."

"Kwa hiyo unawafundisha watu wazima kuandika kodi." Akamgeukia binti yake. "Enzi zetu kodi ililipwa. Nitakwenda. Narudia: nitakwenda."

Mabano alijipa moyo kwamba asubuhi atarekebisha slaidi zake garini wakati wa foleni. Lakini asubuhi mama, kwa wema wake, akaichukua kompyuta akaipakata kama mjukuu. "Wewe tazama barabara," akamwambia. "Hiki chombo nitakishika mimi." Akakishika mpaka mlangoni mwa ukumbi.

Mlangoni walikutana na vijana watatu wenye vitambulisho shingoni. "Mkwee!" wakapiga kelele, wakampa mikono. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Hata huku wanakuita mkwe? Kumbe unawaambia watu umeoa kwetu?"

"Nawaambia, mama," akasema Mabano, akiwapita vijana wale haraka.

Mwenyekiti wa chama cha waandishi wa programu, dada mmoja mchangamfu asiyejua kusema polepole, akawafikia. "Karibu, Mabano! Na huyu ni mama?"

"Ni mama yangu," Mabano akawahi.

"Mama mkwe wake," mama akasahihisha.

Mwenyekiti akabaki mdomo wazi. "Mama mkwe... mwenyewe?"

"Kwani yuko mwingine?"

Mwenyekiti akatupa macho kwenye viti. Akamshika mama mkono, akampeleka mstari wa mbele, kiti cha katikati kabisa, akamletea maji. Kisha akapita safu hadi safu akiinama masikioni mwa watu, na kila alipopita, simu zilitoka mifukoni.

Mabano alikimbilia pembeni, akafungua kompyuta. Alifuta slaidi ya begi. Akafuta ya kidole. Akafuta ya mchuzi. Kisha akafungua faili la mapokezi, lile lenye majibu ya mlangoni, akautafuta mstari wa mamaMkwe na dirisha lake, akaung'oa na mizizi. Au ndivyo alivyodhani. Mizizi yenyewe ilikuwa kwenye faili jingine, lile linaloorodhesha aina za wageni, na jina la mamaMkwe la huko hakulikumbuka, kwa sababu mwenyekiti alikuwa tayari anamwita jukwaani.

Alianza vizuri. Akaeleza habari kubwa ya toleo hili: kuanzia sasa, lugha itasema makosa yake kwa Kiswahili. Kundi la watu wa kujitolea lilikuwa limekaa miezi likitafsiri ujumbe mmoja mmoja, na Mabano alikuwa kichwa cha kundi hilo. Ndiye aliyeshikilia kwamba ujumbe usiwe wa mkato wala wa vitisho. "Nilisema kompyuta izungumze kama mtu mwenye adabu," aliwaambia. "Sentensi kamili, herufi kubwa, hata bibi yako asome aelewe." Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga. Mabano akaanza kupumua.

Hapo ndipo meza zilipoanza kugongwa. "Mkwe! Mkwe! Mkwe!"

Mama akageuka kutazama, akageuka tena mbele, anatabasamu, akaanza na yeye kugonga mkono wa kiti taratibu. Alidhani wanamshangilia mkwe wake.

"Leo ule mfano tutauonyesha kwa ufupi," akasema Mabano. "Wageni wanakuja mlangoni: rafiki, fundi, jirani. Basi. Naiendesha programu, mwone inavyokwenda."

Akabonyeza. Ukuta mzima ukawa mwekundu.

Mama akavaa miwani. Herufi zilikuwa kubwa, sentensi kamili, lugha ya adabu, kama alivyoagiza mwenye kazi. Na mama, aliyezoea kuona tangazo na kulisoma, akalisoma. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Samahani. Umemsahau mamaMkwe. Mgeni huyu hajapangiwa la kufanya. Tafadhali mshughulikie." Akashusha pumzi. "Narudia: umemsahau mama mkwe."

Ukumbi ulipasuka. Mtu alianguka na kiti chake. Mabano alisimama pale mikono ikining'inia, akiomba umeme ukatike, na umeme, ambao wiki nzima ulikuwa unakatika hovyo, ulitulia kama maji ya mtungini.

"Weka 'yeyoteMwingine', Mabano!" mtu akampigia kelele kwa huruma. Na kweli, lugha yao ilikuwa na njia hiyo ya mkato: badala ya kutaja kila mgeni, unaandika yeyoteMwingine, na wote uliowasahau wanaingia humo. Mabano aliidaka rai hiyo kama mfa maji. Akaandika: yeyoteMwingine, mkaribishe.

"Ngoja kwanza," akasema mama. "Hapo mimi niko wapi?"

"Uko... uko humo, mama. Kwenye yeyote mwingine."

"Na fundi bomba?"

"Fundi ana mstari wake."

"Fundi bomba ana mstari wake." Mama alirudia bila kuambiwa. "Mimi niliyekuzalia mke ni yeyote mwingine."

Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Kutoka nyuma, kijana mmoja mwenye ndevu, ambaye hakujua kwamba ulimi humponza mtu, akapaza sauti: "Mrudishe pale pale pa zamani! Dirishani!"

Mama akageuka kiti kizima. "Wewe mwenye ndevu. Simama. Dirishani kuna nini?"

Kuna sauti ambazo mtu hazisubirishi. Mwenye ndevu alisimama, akaeleza. Akaeleza dirisha, na alipotazamwa aendelee, akaeleza begi. Akaeleza kidole na kabati. Alipofika kwenye chumvi sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mbu, na ukumbi umenyamaza kiasi cha kusikia kiyoyozi, ambacho kweli kilikuwa kinapuliza vibaya.

Mama akamgeukia Mabano. Hakupandisha sauti.

"Mimi naja kwenu na begi kubwa?"

"Hapana, mama. Kidogo."

"Lini nilipapasa kabati lako?"

"Hujawahi."

"Mchuzi wa kwako nimewahi kuutia kasoro?"

"Hujawahi, mama. Huwa unaomba uongezewe."

"Basi huyo mwanamke ni nani?"

Mabano alitazama kompyuta, akatazama dari. Alijua jibu. Mwanamke yule alikuwa kaokotwa vijiweni, kwenye vichekesho vya watu ambao hata hawajaoa, akavishwa cheo cha mtu aliyemlelea mkewe. Hakuwahi kufikiri kwamba yupo mtu wa kuumia. Sasa mtu huyo alikuwa mbele yake, shali begani, glasi ya maji mkononi, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. "Nisamehe, mama," akasema kwenye kipaza sauti, watu wote wakasikia. "Nilitaka wacheke tu."

"Kuchekwa si neno," akasema mama. "Nimefanya kazi stesheni, nimetukanwa na watu waliochelewa treni za aina zote. Lakini ukinitania, nitanie mimi. Narudia: mimi. Usinibebeshe kasoro za mtu mwingine wakati za kwangu ninazo." Akainuka, akapanda jukwaani, akishika nguzo. "Mimi nakoroma. Wajukuu zangu wanahama chumba. Nasema mambo mara mbili. Rimoti nikiishika siiachii. Nikienda dukani nabishana bei hata ya kitu nisichonunua. Hayo yote umeyaona kwa macho yako, ukayaacha, ukaenda kumtafuta mwanamke wa kabati?"

Mwenyekiti ndiye aliyecheka wa kwanza, kisha akajiziba mdomo. Mama akamruhusu kwa mkono, kama mtu anayeruhusu treni iondoke, na ukumbi wote ukaondoka nayo.

"Sasa andika," akamwambia Mabano. "Hicho chombo kimesema unishughulikie."

Mabano akafuta yeyoteMwingine. Akaandika mamaMkwe, akasubiri.

"Mpokee mzigo."

Akaandika.

"Mpe kiti cha karibu na dirisha. Dirisha ni la kupungia upepo, si la kutorokea."

Akaandika.

"Usimwulize atakaa mpaka lini."

Makofi. Dada mmoja katikati ya ukumbi akanyoosha mkono. "Mama, samahani. Kwa nini wakwe hawatoi taarifa kabla ya kuja? Hilo nalo si la kusingizia. Wangu yuko hivyo hivyo."

Mama alifikiri kidogo. "Wa kwako simjui. Mimi nitakwambia ya kwangu. Treni ukiitangaza, watu wote wanasimama. Wanajipanga, wanaweka sawa nguo na nyuso. Nimezitazama nyuso za kupangwa tangu ujana. Nikitoa taarifa kwa mwanangu, nitakuta nyumba imedekiwa, watoto wamefungwa vifungo mpaka shingoni, na kila mtu anacheka meno ya mbele. Mimi nataka nikute wanavyokaa. Nikikuta viatu vimetupwa sebuleni, najua ni wazima."

Hakuna aliyegonga meza. Mabano alibonyeza, programu ikaenda, ukuta ukawa kijani. Maswali yaliyofuata yalikuwa mengi kuliko siku zote, na, jambo la ajabu, yalihusu toleo jipya. Mtu alitaka kujua ni lini yeyoteMwingine inafaa na ni lini ni uvivu. Mabano alijibu kwa uangalifu, akijua yupo anayesikiliza.

Wakati wa chai, bwana mmoja asiyeona, mwandishi wa programu wa siku nyingi, aliletwa mpaka kilipo kiti cha mama. Alimweleza kwamba kompyuta yake humsomea kila kilichoandikwa, ila Kiswahili inakisoma kama mtu anayetafuna kokoto. "Leo nimesikia kosa likisomwa nikalielewa kwa mara ya kwanza," akasema. "Mama, ujumbe wote uko mia kadhaa tu. Ungetusomea tukaurekodi?"

"Nimestaafu," akasema mama, lakini alikuwa ameshaweka kikombe chini.

Wakaondoka kurudi nyumbani. Mabano alishika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi wa udereva. Walipofika kwenye taa nyekundu mama akasema, "Yule wa mchuzi lakini, anayeuliza chumvi iko wapi."

"Nimeshamfuta, mama."

"Anachekesha. Ndiye mama mkwe wangu mimi mtupu, mama yake marehemu baba mkwe wako. Huyo mrudishe, ila umwite jina lake."

Mabano akamtazama kwa pembe ya jicho asijue acheke au asubiri. Mama alikuwa anatazama nje, mabega yanamtikisika. Ndipo wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka gari la nyuma likawapigia honi.

Nyumbani walimkuta mke ameshatoka zamu, kaketi kochini na sare yake ya uuguzi, simu mkononi. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamemwonyesha video kabla hajamaliza kukabidhi wagonjwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na swali.

"Ulipokuwa unatoroka dirishani miji yote hiyo," akasema, "mimi ulikuwa umeniacha wapi?"

"Ndani, mke wangu."

"Na mama."

"Na mama."

"Haya," akasema mke, akainuka kwenda kuvua viatu. "Chakula cha jioni ni juu yako."

Mama alikuja kwa siku mbili, akakaa majuma matatu, na aliyemwomba akae ni Mabano mwenyewe, kwa niaba ya chama. Kurekodi kulihitaji chumba kisichofikiwa na kelele za barabarani, na nyumba nzima chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja, kile alichofanyia kazi yeye. Akahamishia meza yake sebuleni, kati ya televisheni na rafu ya viatu. Asubuhi mama alisoma ujumbe, mlango umefungwa. Mchana alipumzika, na mapumziko yake, ambayo hakuna aliyeyajua kabla ya hapo, yalikuwa kutazama mieleka. Aliwapigia wapiganaji kelele kwa majina yao.

"Mabano, hizo kelele za nini huko kwako?" wenzake walimwuliza kila siku kwenye mkutano wa mtandaoni.

"Watoto," alijibu, naye akisogeza kiti ili aone vizuri nani ameangushwa.